Supu ya Kabureta

Baba mkwe alifika Jumamosi saa nne asubuhi bila taarifa, kama wakwe wanavyopenda kufika, na jambo la kwanza alilofanya baada ya kuitikia shikamoo yangu ni kunusa hewa. Uani jiko la mkaa lilikuwa limekolea. Juu yake ilikaa sufuria ya pilau, ile kubwa ambayo mke wangu huitoa kabatini kwa sikukuu na misiba tu, na ndani yake zilitokota ndimu ishirini na mbili zilizokatwa vipande.

"Naona kongoro linakaribia kuiva," akasema, tayari anakunja mikono ya shati. Kabla sijapata uongo wa kufaa, akafunua.

Ndani mlikuwa na kabureta nne.

Alizitazama kwa muda. Kisha akarudisha mfuniko taratibu, kama mtu anayefunika marehemu, akaenda kukaa barazani. "Ulipoleta posa," aliniambia baadaye, "tuliambiwa wewe ni mhasibu."

Mhasibu ni mimi kweli. Ila pia ninamiliki Honda CBR400RR ya mwaka 1990, na mambo haya mawili hayapatani: la kwanza hunitaka niandike kila shilingi, la pili hunitaka nisithubutu. Bei niliyomtajia mke wangu siku ya kuinunua ilikuwa ya kweli kabisa. Ilikuwa bei ya tairi la nyuma.

Pikipiki hizi Honda waliwatengenezea Wajapani wenzao. Kwao leseni ya daraja la kati inaishia cc 400, na ya kupanda kubwa zaidi enzi hizo ilikuwa na mtihani wa kuliza watu wazima. Basi wakachukua cc 399, wakazigawa silinda nne zenye pistoni za ukubwa wa kikombe cha kahawa, wakatupa cheni ya kuzungushia kemshafti na kuweka gia tupu. Zikatoka nguvu za farasi 59 na mluzi wa cherehani iliyokasirika. Mshale wa mizunguko unapita 14,000. Kwetu, mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu ni kilomita 50 kwa saa, na kutoka nyumbani kwangu Tabata hadi kuifikia lami kuna matuta saba. Gia ya tatu nilikuwa naijua kwa kusimuliwa.

Ilikuja na stika za onyo zilizoandikwa Kijapani. Moja, nyekundu, iliyojificha chini ya kiti, ilininyima usingizi miezi miwili, mpaka nikaipiga picha na kuitafsiri kwa simu. Ilisema: soma kitabu cha maelekezo. Kitabu hakikuja nayo.

Fundi wetu wa chini ya mwarobaini, pale kwenye kijiwe cha bodaboda, anashusha injini ya Boxer na kuirudisha kabla chai yake haijapoa. Nilimpelekea ya kwangu ikikohoa. Aliizunguka mara mbili, akainama kuitafuta kabureta, hakuiona. Nikainua tanki nikamwonyesha: nne, zimepanga mstari kama watoto wa chekechea. Akanawa mikono ambayo haikuwa imegusa kitu. "Bosi," akasema, "hizi ni pikipiki nne zimefungwa kwenye fremu moja. Mimi natengeneza moja moja."

Ndipo nikajiajiri mwenyewe. Skrubu za Mjapani zina alama ya msalaba, bisibisi yangu ina msalaba, nikadhani ni ndugu. Si ndugu. Msalaba wao una kiwango chake, kinaitwa JIS, na bisibisi tuliyoizoea huingia humo, hutulia, hukupa matumaini, halafu huruka na kukuachia shimo la duara. Binti yangu wa miaka minane alinishikia tochi hadi saa tatu usiku. Kwenye skrubu ya tatu akauliza, kwa adabu, "Baba, unafungua au unakaza?"

Sasa zile ndimu. Petroli ikilala miaka ndani ya kabureta huacha utando kama gundi, nao huziba vitundu vya jeti, vingine vyembamba kama tundu la sindano. Maji ya ndimu ya moto huula utando huo. Hapo sikukosea, na baba mkwe angenipa nafasi ningemweleza. Sharti lake ni kuondoa kwanza kila kitu cha mpira. Niliondoa vyote nilivyoviona. Nisivyoviona vilivimba kama choroko zilizolowekwa, nami nikamaliza wiki tatu Kariakoo, duka kwa duka, na pete moja ya mpira ndani ya kiberiti, kama bwana anayekwenda kuposa. Kila duka lilinijibu vilevile: "Hiyo hatuna, ila chukua ya Boxer, itaingia." Haikuingia.

Kuzisafisha ni nusu ya kazi. Kabureta nne lazima zivute sawasawa, la sivyo injini inatetemeka kama mgonjwa wa homa. Kuna geji za kupimia, lakini yule mhasibu aliuliza bei akaghairi. Njia ya mtu wa hali ya chini ni hii: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa dripu unafaa, mafuta kidogo katikati, ncha moja kwenye mlango wa silinda hii na nyingine kwenye mlango wa ile. Mafuta yakipanda upande mmoja, upande huo unavuta kupita kiasi. Unacheza na skrubu mpaka yalingane. Mpira niliupata duka la dawa. Mafuta niliyapata jikoni. Ya alizeti.

Kabureta zilizoachana kidogo hupandisha mafuta. Zilizoachana sana huyameza. Niliwasha, nikainama kusoma, mpira ulikuwa mtupu. Mara moshi mweupe ukajaa uani, ukapanda ukuta, ukashukia kwa majirani, nao haukuwa na harufu ya moshi wa pikipiki hata kidogo. Ulinukia chipsi. Dakika tano baadaye watoto wawili walikuwa getini na sahani. "Shikamoo. Mama anasema chipsi kavu za elfu mbili, na pilipili ya kutosha." Niliwaambia hatuuzi chipsi. Nadhani mama yao aliamini tunamnyima.

"Baba Watoto," mke wangu aliita jioni kutoka jikoni, "alizeti imekwenda wapi?"

Nikaona heri ya ukweli. "Silinda ya tatu."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilibadilisha ekzosi. Niliweka fupi, ya wazi, na jeti nikaziacha zilezile, kwa hiyo injini ikawa inapata hewa nyingi na petroli kiduchu, na kila nikirudisha mkono inalipuka: paa! Ilikuwa Jumapili alfajiri. Mtaani kwetu mlio kama huo una tafsiri moja, transfoma, na nilisikia nyumba kwa nyumba watu wakikimbia kuchomoa friji. Mjumbe alikuja na msuli na tochi. "Umeme upo?" "Upo, mzee." "Sasa wewe unalipua nini?" Ekzosi ya zamani ilirudi mahali pake kabla ya chai.

Mwezi uliopita ikakubali. Barabara ya Mandela, kuelekea Ubungo, asubuhi, njia nyeupe. Gia ya tatu ipo, wanaosimulia hawadanganyi. Mluzi ule ukipanda unausikia mgongoni kabla ya masikioni, na kwa dakika nne nilisamehe kila skrubu. Kisha foleni ya Riverside. Feni ikawaka, taa zikafifia, kimya. Honda za miaka ile zina ugonjwa unaojulikana: regyuleta inaungua, betri haipati chaji. Nilijua. Mpya nilishanunua. Ilikuwa nyumbani, kabatini, nimeificha ndani ya sufuria ya pilau.

Kijana mmoja wa Boxer, mwenye abiria na kiroba cha mkaa, akasimama bila kuitwa. Akaweka mguu kwenye kikanyagio changu cha nyuma akanisukuma hadi Tabata, farasi kumi na kitu wakiwabeba farasi 59. Abiria, mama mtu mzima, alinisihi njia nzima: "Mwanangu, si ununue kama hii?"

Tulipofika getini baba mkwe alikuwa barazani. Akamtazama kijana, akautazama mkaa, akanitazama mimi.

"Leo," akauliza, "mnapika nini?"