Asilimia 6 Haijafika Kamukunji

(Kamukunji, Nairobi, saa saba mchana. Mafundi wa jua kali wamekwenda kula. Nyundo amelala juu ya kipande cha reli kuukuu ambacho ndicho fuawe. Kando yao liko Sanduku la mwanafunzi wa bweni, rangi yake ya buluu haijakauka, na Hati ya Mshahara ya kiwanda fulani cha chuma, iliyofika hapa ikiwa imefungia mandazi.)

HATI: Jamani, msinipake masizi. Mimi ni karatasi rasmi.

NYUNDO: Rasmi, na mafuta ya mandazi mpaka kwenye nembo?

HATI: Angalau mimi naongezwa. Mei Mosi 2022, asilimia 12. Mei Mosi 2024, asilimia 6. Nyinyi mliongezwa ngapi?

RELI: Hiyo 6 naikumbuka. Ilitangazwa Mei, ikaanza Novemba. Hata garimoshi la mizigo halikuwahi kuchelewa hivyo juu ya mgongo wangu.

SANDUKU: Labda ilipanda matatu, ikangoja ijae.

RELI: Au trafiki waliisimamisha.

SANDUKU: Au ilisahau kitambulisho, ikarudi kwao kukichukua.

NYUNDO: Iacheni, ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Hebu Hati, jikunjue tusome makato huko chini.

HATI: Huko ni siri ya mtu!

NYUNDO: Pensheni ya NSSF, asilimia 6. Mpaka mwanzoni mwa 2023 ilikuwa shilingi 200 tu. Nyumba, 1.5. Afya, 2.75. Jumla 10.25, na mtu hajanunua hata unga. Na hapa juu pameandikwa "kibarua". Mwenyewe ana muda gani kiwandani?

HATI: Miaka 8.

NYUNDO: Kibarua wa miaka 8! Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akishafanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi, ahesabiwe mwajiriwa wa mwezi.

HATI: Ndiyo maana huambiwa apumzike siku mbili tatu mwezi ukikaribia kwisha. Kisha huitwa tena.

SANDUKU: Poleni. Mimi Januari nitauzwa bei nzuri, fundi wangu atajirike.

NYUNDO: Wewe funga kitasa! Fundi wako analipwa kwa idadi ya masanduku. Bati likipanda, bei yako inapanda. Ujira wa kukukunja kona uko palepale. Akiugua, hakuna hela. Na masikio yake nimeyamaliza mimi: mkewe akipiga simu, hurudia neno mara tatu. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ipo. Amdai nani, mimi?

RELI: Taratibu, mjukuu wangu. Rais Moi alifika hapa 1985, vibanda vikajengwa.

NYUNDO: Babu, kivuli tumekishukuru miaka 40, na bado hakiliwi! Zaidi ya wafanyakazi 8 kati ya 10 nchini wako sekta isiyo rasmi, lakini nyongeza ikitangazwa Mei Mosi, wanapigiwa makofi wenye hati, wengine tunaambiwa sisi ni uti wa mgongo wa uchumi. Na wateja je? Mtu ana simu ya elfu themanini, anabembeleza sanduku lipunguzwe shilingi hamsini. Hiyo hamsini haitoki kwa muuza bati. Inatoka kwenye mkono ulionishika. Aibu hawana!

HATI: Fundi huyo anarudi. Mbona ananitazama mimi? Anataka kusoma?

RELI: Anataka kupangusa mikono.