Sifa za Mshtuko wa Usiku

Washairi wamewasifu masultani. Mimi namsifu yule anayenirusha kitandani saa tano usiku. Hata jina la maana hajapewa. Watu husema "nilishtuka", wakageuza mto, basi. Utovu wa shukrani!

Mnamjua anavyokuja. Chandarua kimechomekwa, mawazo yameanza kupotea njia, luku inaongea kwa sauti ya shangazi. Mara unashuka ngazi, na ngazi moja haipo. Mguu unapiga godoro, moyo unadunda kama umefukuzwa na mbwa. Na nyumba yenyewe haina ghorofa.

Mlinzi wa mtaani kwetu hulala kabla yetu. Huyu wangu hukugongea dirisha kukuarifu kwamba hakuna mwizi, halafu huyo, anaondoka na kukuachia lindo.

Bibi alikuwa akituambia tukishtuka hivyo tunarefuka. Nimepita hamsini, nashtuka bado. Urefu uligoma zamani. Wapo wataalamu waliompa ukoo mkubwa zaidi: ati tumemrithi kwa mababu waliolala mitini. Misuli ikilegea, ubongo hudhani tawi limeachia, unaamuru mwili ushike. Ni dhana tu, haijathibitishwa, ila mimi nimeipokea kwa mikono miwili. Fikiria heshima hiyo: ulinzi wa enzi za nyani, unamlinda mtu aliyelala kwenye kitanda cha nne kwa sita, futi moja na nusu kutoka sakafuni.

Mchoraji wa Hispania, Salvador Dalí, aligharimia kushtuliwa. Alikaa kitini na ufunguo mzito mkononi, chini kaweka sahani; akisinzia, ufunguo unaponyoka, sahani inalia, naye anazinduka na picha za ndotoni zikiwa bado mbichi. Taabu yote hiyo! Angekunywa vikombe viwili vya kahawa chungu usiku, akalala na uchovu wa siku nzima kama mimi, mgeni angefika bila kuvunjiwa vyombo.

Aliyebaki hajaongoka ni mke wangu. Juzi teke lilimpata kwenye ugoko.

"Baba Salma, unapigana na nani?"

Nikamweleza kwa utulivu habari za mababu, mti na tawi. Alinyamaza, akavuta shuka lote upande wake.

"Basi rudi mtini."