Uainishaji wa Awali wa Wakeshaji wa Ndani ya Fuvu

Mapokeo yanawagawa watu usiku katika makundi mawili: waliolala na wanaokoroma. Mgawanyo huo ni finyu. Makala haya yanawaainisha wakazi wa ubongo kwa kigezo kimoja: nani yuko kazini mwenye mwili akiwa amelala fofofo.

Kundi la kwanza ni Wapiga Ngoma, yaani gamba la ubongo. Katika usingizi mzito seli zake huchangamka kwa pamoja, kisha hunyamaza kwa pamoja, mara moja hivi kwa sekunde au pungufu. Mircea Steriade na wenzake waliyaeleza mawimbi haya mwaka 1993 kwa kupima paka waliotiwa nusukaputi, ingawa haijulikani kwa nini paka ahitaji nusukaputi ili alale.

La pili ni Mabawabu: thalamasi. Mchana hupitisha habari za macho na masikio. Usiku hubana mlango na kutoa mitetemo mifupi, kama 12 hadi 15 kwa sekunde.

La tatu, Wambeya, ndilo lililomnyima mwandishi usingizi. Hipokampasi haiwezi kukaa na neno. Mwaka 1994 Wilson na McNaughton walionyesha kwamba seli za panya zilizowaka pamoja alipokuwa akizunguka zilirudia kuwaka pamoja alipolala: mnyama amelala, safari inasimuliwa upya. Lakini umbeya huu una itifaki. Wimbi la gamba hupanda kwanza. Thalamasi hutetema juu yake. Na ndani ya mtetemo huo hipokampasi huchomeka kiwimbi chake cha kasi. Hapo ndipo ya jana yanapohamia gambani. Uzeeni mawimbi haya matatu hupishana kidogo, na kumbukumbu hulipa gharama.

Pomboo, anayelaza nusu ya ubongo huku nusu ya pili ikiwa macho, ameenguliwa kwa utovu wa nidhamu.

La nne ni Watoro: sehemu ya mbele ya gamba, hakimu wa mchana. Zikifika ndoto, amigdala, kengele ya hisia, inachacharika, shina la ubongo linalegeza misuli ili usirushe mateke, naye hakimu kapunguza kazi. Ndiyo maana marehemu babu anakuendesha kwa basi kutoka Tanga hadi mwezini na wewe humuulizi leseni.

Mapendekezo: kundi la nne lisilipwe posho ya usiku.