Ombi la Kumsajili Mvua

Kwa Waheshimiwa wa Baraza la Kriketi la Kimataifa, Dubai.

YAH: KUMSAJILI MVUA KUWA MCHEZAJI HALALI WA MECHI ZA TEST

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote natumaini barua hii itawakuta wazima na wakavu. Nasema wakavu kwa makusudi. Mlipohama London mwaka 2005 mkaenda kuweka makao jangwani, wapo waliosema mnafuata nafuu ya kodi. Mimi niliwatetea. Niliona wasimamizi wa mchezo unaovunjwa na manyunyu wamefanya la maana kwenda kukaa pasiponyesha. Bahati mbaya Aprili 2024 mvua iliwafuata hukohuko, ndege zikawa zinakata maji kwenye uwanja wa ndege wa Dubai. Tuliwapa pole. Waliocheka walichekea chumbani.

Sasa kwenye hoja. Old Trafford, Manchester, Julai 2023, mechi ya nne ya Ashes, England dhidi ya Australia. Australia ilikuwa inaongoza mfululizo kwa ushindi 2 dhidi ya 1, na kwa kuwa kombe lilikuwa mikononi mwake, sare iliitosha. England ilihitaji kushinda, na wallahi ilikuwa inashinda! Australia imetolewa kwa mikimbio 317. England imejibu kwa 592, Zak Crawley peke yake kapiga 189, Jonny Bairstow kaachwa na 99 yake mkononi baada ya wenzake wote kutoka. Siku ya nne zikapatikana ova 30 tu. Australia ikawa na 214 kwa wiketi tano, bado mikimbio 61 nyuma. Wiketi tano, siku moja.

Siku ya tano, ya mwisho, haukurushwa mpira hata mmoja.

Picha ya siku kama ile mnaijua, ila nadhani nyinyi huiona kwa muhtasari. Kwa saa zetu mchezo huanza saa saba mchana. Unawasha runinga, unakuta turubai. Maji yamekaa juu yake vidimbwi vidimbwi, na kijana mmoja mwenye koti la mvua anayasukuma kwa brashi ndefu hadi kwenye kamba ya mpaka. Akigeuka, yamesharudi. Baadaye waamuzi wanatoka na miavuli. Mmoja anakanyaga nyasi kwa kisigino, maji yanachuruzika hadi kwenye soksi, wanatazamana, wanatikisa vichwa, wanarudi ndani. Linatolewa tangazo: ukaguzi mwingine utafanyika baada ya chakula. Chakula! Mpira haujarushwa, jasho halijatoka, lakini chakula kinaliwa kwa wakati, na siku nyingine kinaletwa mapema ili watu wasikae bure.

Mbio za kombe zikaishia hapo. England ilishinda mechi ya mwisho pale Oval, mfululizo ukaisha 2 kwa 2, kombe likabaki Australia.

Halafu, Waheshimiwa, mkatoa adhabu. Nilifurahi niliposikia, nikajua hatimaye haki inatendeka. Kumbe mmeinyang'anya Australia pointi 10 za ubingwa wa dunia kwa kuchelewesha ova katika mechi hiyohiyo ya Manchester, na England mkaikata jumla ya 19 kwa mfululizo mzima. Mchezaji akisimama kufunga kamba za viatu mnamhesabia dakika. Aliyekula siku nzima na sehemu kubwa ya siku iliyotangulia hamkumwandikia hata barua ya onyo.

Nikatafakari nikagundua tatizo: Mvua hajasajiliwa. Anacheza kila mashindano kama mchezaji huru, bila mkataba, bila leseni, bila namba mgongoni. Mtamwadhibu vipi mtu asiye na kadi? Ndiyo maana naleta ombi hili kwa unyenyekevu.

Apewe fomu kama wenzake. Nafasi anayocheza: kiraka. Klabu ya nyumbani: Manchester. Wasifu wake unajieleza wenyewe. Mwaka 1890 na mwaka 1938, palepale Old Trafford, dhidi ya Australia hiyohiyo, hakuruhusu mpira hata mmoja urushwe kwa mechi nzima. Septemba 2024 akaenda ugenini Greater Noida, India, kwenye Test ya Afghanistan na New Zealand, akafunga siku zote tano, hata sarafu haikurushwa. Wahudumu wa uwanja walichomoa nyasi sehemu ya mazoezi wakaja kuziba viraka uwanjani, wakaleta na feni za umeme kukausha udongo. Feni! Mechi ya kimataifa, katika nchi yenye fedha nyingi kuliko zote kwenye mchezo huu, imewekwa mbele ya feni. Ni haki tuseme pia kwamba hashindi kila mara. Wiki chache baadaye huko Kanpur alikula zaidi ya siku mbili, lakini India ikapiga 285 ndani ya ova 35 tu na kumfunga yeye pamoja na Bangladesh. Kwa hiyo anafungika.

Akishasajiliwa, taratibu zifuatwe. Kabla ya mchezo aje katikati kwenye kurusha sarafu pamoja na manahodha, aseme leo anachezea upande gani, maana Manchester alikaa kimya siku tatu kisha akavaa jezi ya Australia siku ya nne. Huo ni usajili wa katikati ya mechi, na sidhani dirisha lilikuwa wazi. Apimwe dawa pia, hasa akionekana kanenepa ghafla, maana huko kwenu wapo wataalamu wa kupanda mawingu na hatujui nani anampa nini. Baada ya mechi aletwe kwenye meza ya waandishi wa habari, aseme kama wanavyosema wote: tunamshukuru Mungu, mchezo ulikuwa mgumu, tulifuata maelekezo ya mwalimu, pointi za ugenini si haba. Aulizwe maswali. Tuzo ya mchezaji bora wa mechi akistahili apewe. Manchester alipewa Crawley, kijana mzuri sina ubaya naye, lakini sote tuliona nani aliyeamua matokeo. Na akichelewesha ova, pointi zikatwe. Kwa mwendo wake wa siku zile mbili, atamaliza mzunguko wa ubingwa akiwa na deni.

Usajili ukishindikana, huku pwani wapo wazee wanaofunga mvua siku za harusi, malipo ni maelewano. Paa kama lile la Wimbledon nalo hatutalikataa. Na mtangazaji anayesema "naona uwazi kule nyuma ya jukwaa" azimiwe kipaza sauti.

Mtasema mvua ni kazi ya Mungu. Sawa. Ratiba ni kazi ya nani?

Juni 2021 huko Southampton, fainali ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa Test, India na New Zealand. Mvua ilifuta siku ya kwanza yote na siku ya nne yote. Nyinyi wenyewe mlikuwa mmetenga siku ya sita. Ikachezwa, New Zealand ikashinda kwa wiketi nane, na dunia haikupasuka. Kumbe siku ya sita ipo! Mnaijua, mmeitumia, imefanya kazi, kisha mkaifungia kabatini kusubiri fainali. Mechi nyingine zote zinazotufikisha kwenye hiyo fainali zioze.

Najua jibu lenu: mifululizo ni ya vyama vya nchi, nyinyi mnaandika kanuni tu. Basi ziandikeni. Manchester iliisha tarehe 23 Julai na mechi ya Oval ikaanza tarehe 27, kwa sababu kufikia tarehe 1 Agosti viwanja vilitakiwa kwa mashindano ya mipira mia mia. Siku moja ya akiba ilikosa mahali pa kulala. Mwaka 1939 huko Durban, Afrika Kusini na England walicheza Test isiyo na kikomo, kuanzia tarehe 3 hadi 14 Machi. England ilikuwa na 654 ikitafuta 696 mechi ilipoachwa, sababu timu ilipaswa kupanda treni kwenda Cape Town kuwahi meli ya kurudi kwao. Wale walikuwa na meli. Nyinyi mna nini?

Samahani, nimepandisha sauti.

Huenda pia mkashangaa Mswahili Test inamhusu nini. Mna haki. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 na hadi leo haijapewa hadhi ya kucheza Test hata moja, kwa hiyo kazi yetu imebaki kutazama na kulipia. Nalipa king'amuzi, nalipa bando, naomba ruhusa kazini kwa sababu ninazozijua mwenyewe, kisha nauziwa turubai na marudio ya mechi ambayo naifahamu hadi nani alipiga chafya. Mtu wa uwanjani angalau alipata upepo.

Suala la usajili chukueni muda wenu, mliundie kamati, kamati ile chakula mapema. La siku ya sita halihitaji kamati. Kila Test inayohesabiwa kwenye ubingwa wa dunia itengewe siku moja ya akiba, kama mlivyoitengea fainali yenu, na iandikwe kwenye kanuni kabla mzunguko ujao haujaanza.

Naomba kuwasilisha.

Mtazamaji,
Dar es Salaam