Utetezi wa Mkwaruzo

Mkwaruzo hauna rafiki. Kabazana, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, Wakongo husali kwa gitaa na spika. Solo ikianza tu kukoroma, macho yote humgeukia fundi mitambo kana kwamba ameiba sadaka. Mkwaruzo wenyewe hauulizwi neno. Basi na upate wakili.

Kwanza, ni wa ukoo bora. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, studio moja ya Nashville ilikuwa ikirekodi wimbo wa Marty Robbins, "Don't Worry", ndipo njia moja ya meza ya kuchanganyia sauti ikaharibika na kulikwaruza besi la Grady Martin. Fundi Glenn Snoddy hakuona haya. Alitengeneza kifaa cha kuharibu sauti kwa makusudi, na kufikia 1962 kilikuwa kikiuzwa madukani kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Miaka minne baadaye London ikatoa Fuzz Face, pedali ya duara ambayo Jimi Hendrix aliikanyaga hadi ikawa na heshima.

Kongo nayo haikupitwa. Mjini Kinshasa, Mingiedi Mawangu alitaka likembe yake, kinanda cha vidole, isikike juu ya makelele ya barabarani, akaiundia maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari. Mkwaruzo ukaja bila mwaliko, akaukaribisha. Albamu ya kundi lake la Konono N°1, Congotronics, ilitoka 2004, na Ulaya yote ikaucheza.

Turudi kwenye pedali. Ndani ya Fuzz Face mna transista mbili tu. Zinaikuza sauti ya gitaa mpaka inagonga dari la volti 9, na wimbi linakatwa kichwa na miguu. Pedali za mwanzo zilitumia transista za germani, mabibi wenye sauti laini ambao jua likipanda hupoteza mizani. Silikoni haina madeko hayo: joto haliisumbui sana, na transista ya BC108C hukuza mkondo mara 420 hadi 800. Eti ni kali, inachoma sikio! Lakini ni ya watu wote. Fundi redio wa Mbarara anaweza kuikuta kwenye redio mbovu au saplai ya kompyuta iliyokufa, imeandikwa C945 au C1815.

Tena pedali hii inafundishika. Rezista ya kilo-omu 8.2 ikitolewa na volyumu ndogo ikawekwa mahali pake, fundi anashika mita na kuzungusha mpaka kolekta ya transista ya pili isome volti 4.5 hivi. Hapo noti inanenepa na kudumu. Akizidi kuzungusha, inaanza kukatika na kukohoa, na wapo wanaolipia kikohozi hicho. Ukali nao una dawa yake: kapasita ya pikofaradi 100, iliyolehemiwa kati ya beisi na kolekta ya transista, huzima mluzi wa juu. Besi likivuruga, kapasita ya kuingilia ya mikrofaradi 2.2 inabadilishwa na ya 0.1. Kisha mpigaji anapunguza volyumu ya gitaa lenyewe, na mkorofi anaongea kwa adabu bila kuzimwa. Sharti ni moja: pedali hii ipokee kebo moja kwa moja kutoka kwenye gitaa, pasiwe na pedali nyingine katikati.

Hata ila zake ni malezi. Nyuzi tatu zikipigwa pamoja zinagombana humo ndani hadi hakuna inayoeleweka, kwa hiyo mpiga solo mwenye haraka ya kujionyesha analazimika kuchagua noti moja na kuisimamia. Na kwa kuwa inakuza kila kinachoingia, mara nyingine inanasa stesheni ya redio, ikamletea mpigaji taarifa ya habari ambayo hakuiomba wala hakuilipia.

Mwisho, haina ulafi. Inakula chini ya miliampea 1, na betri ya bei rahisi, iliyoanza kuchoka, ndiyo ambayo wapigaji wengi huisifu kuliko mpya. Betri ya pedali hii haimalizwi na muziki. Inamalizwa na mpigaji aliyekwenda kulala akaacha kebo imechomekwa, kwa sababu tundu la kebo ndilo swichi.