Kila Mtu Alikuwa na Kijani

Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, na madereva wetu wamejaliwa baraka ya ajabu: wakigongana kwenye taa, kila mmoja alikuwa na kijani. Nyekundu haikumwakia mtu. Mashahidi hujaa pomoni, wote mawakili. Afisa wa trafiki akitoa kalamu tu, kila mmoja anakumbuka matatu yake inaondoka. Abstrakti ya polisi utapewa, nayo itathibitisha kwamba mligongana, habari ambayo bampa ilishakupa. Mkifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 107, yasema anayedai ndiye athibitishe. Mkishindwa nyote, hakimu aweza kuwagawia lawama nusu kwa nusu. Basi, ndugu dereva, piga picha kwanza; kelele utapiga baadaye.