Madonge ya Baba Watoto

Kiangazi cha Chato hakina huruma na kitu chochote kinachopenda unyevu, na baba watoto aliuchagua mwezi wa Julai kuwa mkulima asiye na chungu.

Alikuwa ameyaona kwenye simu madonge ya Kijapani yanayoitwa kokedama. Mmea unavuliwa chungu, mizizi inafunikwa kwa donge la udongo, donge linavishwa kuvumwani, ule ujani mfupi laini unaoota kwenye mawe ya kivulini, kisha linafungwa uzi na kuning'inizwa. Wajapani walianzia kwenye bonsai, miti yao midogo: mizizi ikishajaa na kushikana, mti ulitolewa chunguni ukawekwa wazi juu ya sinia. Wana udongo wa kazi hiyo, mweusi wa kunata, uliotokana na mimea iliyooza kwenye vinamasi, wanauchanganya na chengachenga za udongo mwekundu wa volkano. Sisi tuna udongo wa mbuga.

Mbuga nao ni mweusi, na unanata kuliko salamu za mkopaji. Ila kila aliyelima mpunga huku anaujua: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza kandambili. Donge la kwanza lilitundikwa barazani Jumamosi, likapigwa picha, likatumwa kwa ndugu wote. Jumatatu lilikuwa limepasuka katikati na kangaga la watu limeachwa mizizi nje. Ndugu hawakutumiwa picha hiyo.

Aliyeokoa jahazi ni shemeji yangu mdogo, ambaye wakati huo alikuwa amerudi kutoka machimboni Rwamgasa kusubiri duara lao, yaani shimo la kuchimbia, likauke maji. "Shem, mbuga peke yake haikai. Tia samadi kavu na makapi ya mpunga." Akachanganya, akamwaga tope katikati ya kitambaa, akakusanya pembe zote nne na kuanza kunyonga. Maji machafu yakamchuruzika katikati ya vidole hadi viwikoni. Alipofungua, donge lilikuwa limekaza, mviringo, na alama za nyuzi zimejichora juu yake. Ndivyo wanavyokamua zebaki ya ziada kule, dhahabu iliyoshikana na zebaki ikabaki kitambaani. Nilikuwa nimemkataza kugusa kazi yetu na kitambaa chochote cha machimboni, maana zebaki ni sumu. Alinisikiliza vizuri sana. Kitambaa kilikuwa kanga yangu.

Uzi ulipatikana kwa wavuvi, ule wa nyavu, usiooza. Kuvumwani ndiyo ilikuwa shughuli. Kiangazi hicho ilikuwa imebaki sehemu moja tu pale nyumbani, chini ya simtanki, kwenye bomba linalovuja. Nilishamwita fundi. Baba watoto alimlaki getini, wakaongea kiume, fundi akaondoka na nauli yake. Bomba likaendelea kuvuja kwa amri ya mwenye nyumba, na bili nikawa nalipa mimi.

Kunywesha donge kuna ustadi wake, hilo namkubalia. Hulimwagii maji kwa juu. Unalizamisha kwenye beseni, linatoa mapovu, mapovu yakikoma ujue limeshiba. Unalitoa, unalibana kidogo, unaliacha lidondoshe. Kiu yake unaipima kwa mkono: likiwa jepesi, linadai. Basi kila jioni ungemkuta mwanaume mzima barazani akipima madonge kwa kiganja, mara hili, mara lile. Tatizo ni beseni alilolichukua. Ndilo ninalolowekea dagaa. Usiku mmoja paka wa jirani alifuata harufu, akapanda nguzo, akachuna donge zima kuvumwani yake yote akitafuta samaki aliyefichwa ndani.

Yaliyobaki yalikuwa ya kahawia mama mkwe alipofika kutoka Bwanga. Alisimama barazani, akayaangalia yanavyoning'inia na nyuzi zake.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia.

"Mkamwana, nani mgonjwa humu?"

Alipoelezwa, hakucheka. Alilitungua moja, akalipima kwa kiganja vilevile kama mwanawe, akalipeleka kwenye pembe ya jikoni palipo na mtungi alionipa tulipooana, nikautelekeza siku friji lilipoingia. Akaujaza maji, akaukalisha kwenye mchanga, donge akaliweka ubavuni.

Mtungi wa udongo hutoa jasho. Maji hupenya kidogo kidogo hadi nje, yanakauka hewani, na yakikauka yanaondoka na joto. Ndiyo maana maji ya ndani yanakuwa baridi, na hewa ya karibu inakuwa na unyevu. Kuvumwani haina mizizi halisi, hunywa kwa vijani vyake, na ikikauka si lazima iwe imekufa. Barazani chini ya bati upepo ulikuwa unaikausha haraka kuliko beseni lilivyoweza kuinywesha. Kwenye pembe ile ilianza kurudi kijani kutokea upande unaogusa mtungi.

Mama alipoondoka, maji ya mtungi yakawa mali ya donge. Mgeni akiomba maji anapewa ya friji, na mtoto akionekana na kikombe karibu na pembe ile anaulizwa anakwenda wapi. Wifi yangu mwenye saluni ameagiza madonge mawili ya kupamba mapokezi. Kaka yake amemjibu kwamba bei ni pamoja na mtungi.